Shamba la kuliwa: robo ekari ya kuvuta kulungu

Nilikulia Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kukaa juu ya ulingo. Mahindi yakianza kubeba, baba ananipandisha pale juu na debe bovu na kipande cha chuma, nigonge nikiona ngedere wanateremka kutoka msituni. Usiku walipanda kaka zangu kwa sababu ya nguruwe pori. Ukisinzia, asubuhi baba anahesabu mabua yaliyovunjwa, moja moja, na wewe umesimama pembeni unasubiri hesabu iishe.

Sasa naishi Kentucky, Marekani, nafanya zamu ya usiku kiwandani, na kila Septemba nalima shamba ambalo msimu ukiisha halijaliwa, nimepata hasara. Dada yangu nilipomtumia picha ya ngano iliyoliwa hadi shinani aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia hapana, nimefanikiwa.

Naandika haya kwa sababu kila Novemba nikigawa nyama kwa Waswahili wa mjini kwetu, Wakongo, Watanzania, Warundi, swali ni lilelile: kulungu unampataje? Wengi wamekaa porini siku nzima wakarudi na baridi ya mifupa tu. Mimi nina robo ekari, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekwisha kabla sijashika silaha.

Kwanza jina. Nitamwita kulungu kama wengi tunavyomwita hapa, ingawa kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa, mwenye pembe za kusokota zisizodondoka. Huyu wa mkia mweupe pembe zake zina matawi, zinaanguka baada ya msimu na kuota upya kila mwaka. Ni wa jamii moja na ayala wa Zaburi ya 42, yule aioneaye shauku mito ya maji.

Sheria, kwa kifupi. Mimi nawinda kwenye ardhi ya mzee jirani, kwa ruhusa yake. Uwe na leseni ya uwindaji na kibali cha kulungu, na kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, Kentucky inakutaka uwe umepita kozi ya usalama wa uwindaji. Msimu wa bunduki ukifunguliwa, vaa rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni, hata kama uko na upinde. Kama huna uraia wala kadi ya kijani, usiguse bunduki ya mtu yeyote kabla hujazungumza na mwanasheria. Na ujue tofauti ya kupanda na kumwaga. Ngano iliyoota ardhini ni shamba. Gunia la mahindi ulilomwaga chini ya mti ni chambo, na chambo kina sheria zake. Illinois na Missouri hawakiruhusu kabisa. Hapa Kentucky kina masharti ya ziada kwenye maeneo yanayochunguzwa kwa ule ugonjwa wa kulungu wa kudhoofika hadi kufa, ambao jimboni kwetu ulionekana mara ya kwanza Desemba 2023, Kaunti ya Ballard. Kabla ya msimu soma kanuni za mwaka huohuo, maana zinabadilika.

Sasa mahali, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea. Mtu anaangalia ardhi kama mkulima, anatafuta pale penye udongo mzuri, tambarare, karibu na barabara. Kulungu hataki barabara. Shamba kubwa la wazi atalila, lakini usiku, wewe ukiwa umelala au uko zamu. Unataka kajishamba kadogo kalikojificha, kati ya anapolala mchana na anapokwenda kula usiku, ili apite akiwa bado anaonekana, aonjeonje huku akisubiri giza. Langu ni kama futi 70 kwa 155, limezungukwa na miti pande tatu. Lipo kwenye uwazi ulioachwa na watu waliokata magogo zamani. Jua linalipata kwa muda wa saa tano au sita kila siku. Chini ya hapo ngano itaota nyembamba kama nywele za mtoto.

Halafu upepo. Kulungu akikuona anaweza akasimama akajiuliza. Akikunusa, hajiulizi. Kwetu hapa upepo wa kawaida unatoka magharibi au kusini-magharibi, na baridi ikiingia unageuka, unatoka kaskazini-magharibi. Kulungu wangu wanalala kwenye kilima cha magharibi. Kwa hiyo mimi nakaa mashariki ya shamba, naingia kwa kupitia mashariki, wala sikanyagi shamba lenyewe. Kabla ya kukata hata kijiti kimoja nilikwenda pale siku sita tofauti na unga wa mtoto kwenye kichupa, nikawa naupuliza na kuutazama unaelekea wapi. Mzee mwenye shamba alinikuta siku moja nimesimama peke yangu kichakani napuliza poda hewani. Hakusema kitu. Aliwasha pikapu yake akaondoka.

Ukishapata mahali, pima udongo. Mwaka wangu wa kwanza, 2020, sikupima. Mtoto wa Mbozi anapimiwa udongo wa nini? Nilimwaga mbolea ya kutosha, klova, yale malisho ya jamii ya kunde, ikatoka ya njano, ikadumaa, ikafa. Baadaye ndipo nilipochukua ndoo na koleo, nikachimba sehemu kumi na tano hivi, kina cha inchi sita, nikachanganya, nikaanika, nikapeleka kwenye ofisi ya ugani. Kentucky ina kaunti 120 na kila moja ina ofisi hiyo, chini ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Majibu: pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, 5.4. Udongo mchachu. Mbolea ukiimwaga kwenye udongo wa namna hiyo, nyingi mmea haufaidiki nayo. Klova inataka 6.2 na zaidi, ngano inavumilia chini kidogo.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Karatasi iliniandikia tani mbili kwa ekari, yaani ratili 1,000 kwa robo yangu. Hiyo ni mifuko 25 ya ratili 40. Pikapu haifiki kule ndani, kwa hiyo niliibeba begani, mmoja mmoja, wikiendi mbili, na mfuko wa kumi na saba ulipasuka nikiwa kwenye kijito. Chokaa haifanyi kazi papo hapo. Ipe miezi mitatu hadi sita. Ndiyo maana inamwagwa Machi, si siku ya kupanda.

Adui wa pili ni nyasi. Ukiona uwanja wa kijani Kentucky, mara nyingi ni feskyu, na hasa ile iitwayo Kentucky 31, iliyookotwa kwenye shamba la mlimani Kaunti ya Menifee mwaka 1931 na kusambazwa kwa wakulima kuanzia 1943. Ng'ombe wanaishi nayo. Kulungu anaidharau, kwa sababu yeye ni mchaguaji, anadonoa majani laini, machipukizi na matunda, hakati nyasi ngumu kama ng'ombe. Feskyu hiyo ukiilima tu inarudi. Mwisho wa Julai nailaza kwa dawa ya magugu ya glaifoseti kwa bomba la mgongoni, asubuhi isiyo na upepo, glavu mkononi na kipimo cha kwenye lebo. Wiki tatu baadaye napulizia tena vile vilivyofufuka.

Mbegu. Utaona madukani mifuko yenye picha ya dume lenye pembe kama kiti cha kifalme. Geuza mfuko usome lebo ya nyuma. Lebo ya mbegu inatakiwa kutaja aina kuu zilizomo, asilimia ya uotaji na tarehe ya kipimo. Mara nyingi utakuta umeuziwa nyasi ya rai, ambayo ni rahisi kuota na ngumu kuiondoa. Na klova iliyovikwa koti la rangi, theluthi hivi ya uzito inaweza kuwa koti. Mimi nanunua mbegu za kawaida kwenye duka la wakulima, mtu ananipimia, nachanganya mwenyewe. Kwa robo ekari: ngano ya baridi ratili 12, oti ratili 8, klova nyekundu ya mwaka mmoja ratili 4, klova nyeupe ratili moja na nusu, na tanipu, mboga yenye majani mapana na mzizi mnene kama kiazi, nusu ratili. Tanipu usizidishe. Majani yake yanatanuka kama miavuli na kuua kila kilicho chini.

Kila moja ina zamu yake. Oti huliwa kwanza, ikiwa changa, na baridi kali ikija inakufa. Ngano inavumilia, inabaki kijani hadi Machi. Tanipu kulungu huiacha mpaka baridi iipige, kwa kuwa hapo ndipo majani yanapozidi utamu, kisha mwezi wa Januari wanachimbua na kiazi chake. Klova nyeupe ni ya mwaka unaofuata na unaofuata. Klova isiyo na koti ichanganye na ule unga mweusi wa bakteria, wale wanaokaa kwenye vifundo vya mizizi na kuutengenezea mmea naitrojeni, kama wanavyofanya watu wa soya kwetu. Kunyunyizia maji ya sukari kidogo kunausaidia kunata.

Siku ya kupanda naichagua kwa kuangalia mvua, si kalenda, ila iwe kati ya wiki ya kwanza na ya tatu ya Septemba. Majembe ya hapa ni ya kupalilia maua. Nilimwomba shemeji aniletee kichwa cha jembe la kwetu kwenye begi, mpini nikachonga wa hickory, mti mgumu wa hapa. Robo ekari kwa mtu aliyelima Mbozi si kitu cha kumtisha, nilisema. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimelima kama chumba cha kulala, na mawe yalikuwa yanatoa cheche. Mzee akaja na trekta yake ndogo yenye haro, akapita mara tatu, akamaliza. Jembe langu linafanya pembe na mizizi, heshima yake ipo.

Ukikosa trekta usikate tamaa. Nyasi zikishakauka kwa dawa, mwaga mbegu juu yake siku moja kabla ya mvua, kisha zifyeke zilale juu ya mbegu kama matandazo. Utapoteza kiasi, utapata kiasi.

Kwenye udongo uliotifuliwa, utaratibu ni huu. Mbolea kwanza, kwa kufuata karatasi yako ya kipimo. Mimi natumia mifuko miwili ya ratili 40 ya 19-19-19, namba za naitrojeni, fosfeti na potashi. Kisha ngano na oti kwa kile kimashine cha kuzungusha kwa mkono, nusu ya mbegu ukienda kwa urefu, nusu ukikatisha, usiache mapengo. Buruta kipande cha uzio wa waya juu yake zifukike kama inchi moja. Baada ya hapo ndipo umwage klova na tanipu, na hizi usizifukie. Zikienda chini zaidi ya robo inchi hutaziona tena. Shindilia tu. Mimi nakanyaga shamba zima kwa miguu, hatua kwa hatua, kama watoto wanaocheza. Kisigino kikizama zaidi ya nusu inchi, udongo bado umelegea, rudia.

Usipande mapema kwa tamaa. Mwaka 2021 niliwahi, tarehe 20 Agosti, na shamba likatoka vizuri mno. Niliingia zamu siku nne mfululizo. Niliporudi nilikuta udongo mtupu, na pale kingoni mabua yaliyobaki yalikuwa yanatikisika bila upepo. Nikainama. Kiwavi, mwingine, kumi. Nikamshika mmoja nikamgeuza: herufi Y iliyopinduliwa usoni, na nukta nne zenye umbo la mraba karibu na mkia. Nikampigia dada simu ya video, huko kwetu ikiwa usiku. Hakuhitaji hata miwani. "Hao ni viwavijeshi. Hao ndio waliomaliza mahindi yangu." Walipoingia Afrika kwa mara ya kwanza 2016, na Tanzania mwaka uliofuata, kila mtu alisema wametoka Amerika. Dada akacheka, akasema basi umeamua kuwafuata kwao.

Mwaka ule walisumbua mashamba ya Kentucky kuliko kawaida. Baridi ya hapa huwaua kila mwaka, kwa hiyo wanakuja upya kutoka kusini kila kiangazi, na kilele chao kwa kawaida ni Agosti na Septemba. Tangu hapo nasubiri, na mbegu zikishaota napita alfajiri au jioni kila siku mbili kutazama chini ya majani. Wakiwa wadogo dawa ya wadudu inawapata. Wakifikia inchi moja na nusu wameshakula. Mwaka ule nilirudishia ngano peke yake mwishoni mwa Septemba na ikanilisha kulungu hadi Februari.

Weka na kizimba. Chukua waya wa uzio, ukunje duara la futi tatu, uusimamishe katikati ya shamba kwa vigingi viwili. Usipokuwa na kizimba utasimama kingoni Oktoba, utaona ngano ya inchi tatu, utasema haikui, utaongeza mbolea bure. Changu nilikifunua siku moja: ndani ngano ilinifika gotini, nje ilikuwa kama zulia. Walikuwa wanaikata kila usiku kama kinyozi.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia. Msimu wa tatu nilikuwa na shamba zuri kuliko yote, na kuanzia mwisho wa Septemba likawa tupu. Kamera niliyofunga kwenye mti ilinipigia picha sungura na bata mzinga. Nilidhani nimeharibu kwa harufu yangu. Kumbe mialoni myeupe ilikuwa imeanza kudondosha matunda, na mwaloni ukidondosha, kulungu hana haja na ngano ya mtu. Usipigane na mwaloni. Oktoba mtafute chini ya mialoni, na shamba lako uliache lipumzike bila kulikanyaga. Matunda yakiisha na baridi kuanza kuuma, wanarudi wenyewe. Kwangu huwa ni wiki ya pili ya Novemba, na bahati nzuri msimu wa bunduki za kisasa unafunguliwa Jumamosi ya pili ya mwezi huo, madume yakiwa yanahangaika na majike. Kwenye shamba wanakuja majike, na madume yanafuata majike.

Ulingo wangu nimeufunga kwenye mti upande wa mashariki, yadi 20 kutoka kingo, futi 15 juu. Mkanda wa usalama naufunga mguu ukiwa bado chini. Wawindaji wengi wanaoumia hapa wanaumia kwa kuanguka, si kwa risasi. Suruali naipulizia dawa ya kupe na miguu naichomeka ndani ya soksi. Kuna kupe hapa mwenye nukta moja nyeupe mgongoni, na kuumwa naye kunaweza kukuachia mzio wa nyama nyekundu. Fikiria uwinde mwaka mzima halafu mwili wako ukatae nyama.

Upepo ukiwa unatoka mashariki, sipandi. Narudi nyumbani nilale. Hilo ndilo gumu kuliko mifuko 25 ya chokaa, maana una Jumamosi moja tu bila zamu na kila mtu nyumbani anajua umeaga unakwenda kuwinda.

Tatizo jingine ni kushuka. Muda halali unaisha nusu saa baada ya jua kuzama, na mara nyingi wakati huo shamba limejaa majike na watoto wao. Ukishuka wakikuona, kesho wanajua mti wako. Kwa hiyo namtumia mzee ujumbe mmoja tu. Anakuja na pikapu, taratibu, taa zimewashwa, redio inaimba. Kulungu wanaondoka bila haraka kwa sababu gari lile wanalijua, linapita kila siku kuangalia ng'ombe. Wakishaingia msituni ndipo ninaposhuka. Paja moja la kila mnyama ni lake, hatujawahi kuandikiana.

Ukipiga, mnyama anaripotiwa siku hiyohiyo kwenye mfumo wa jimbo, kwa simu au intaneti, kabla ya kuanza sherehe.

Baada ya Januari watu huliacha shamba, wakati kuna kazi moja rahisi imebaki. Katikati ya Februari usiku ardhi inaganda, mchana inayeyuka, na udongo unajipasua nyufa ndogo kama mkate. Nenda asubuhi ukiwa umeganda, umwage klova nyeupe nusu ratili pale palipokatika. Usilime, usifukie. Ardhi yenyewe itaimeza. Mwaka huu nilikwenda moja kwa moja kutoka zamu, saa moja asubuhi, na mbegu zikawa zinaruka juu ya barafu kama mchele uliomwagika sakafuni. Pale kingoni, kwenye matope yaliyoganda, tanipu moja ilikuwa imeng'atwa nusu, na alama za meno bado mpya.